Usyk ni namba ngapi? Mwongozo kamili wa kupanga bondia wa hevi wa siku hizi kando ya akina Ali

Ukitaka kuona watu wazima wakikosana bure, ingia kinyozi yoyote Eastlands Jumamosi jioni useme Usyk ni mkubwa kuliko Tyson. Mmoja atakwambia Tyson angemlaza raundi ya pili, mwingine atasema wewe humjui Ali, mwingine ataleta Marciano ambaye hakuwahi kupigwa, na yule anayenyolewa atageuza kichwa wembe ukiwa kwa shingo ndio pia yeye achangie. Na wote wanaongea vitu vya maana, shida ni kila mtu anajibu swali lake.

Sasa hii ni njia ya kufanya hiyo kazi mwenyewe, polepole, mpaka upate namba unayoweza kuitetea. Nitamtumia Oleksandr Usyk toka mwanzo hadi mwisho ju ndiye bondia wa hevi (uzani wa juu kabisa) wa kizazi hiki mwenye kesi nzito, na nitahesabu kazi yake hadi ile usiku ya Wembley, Julai 2025. Ukitaka kumpima Tyson Fury ama Anthony Joshua, mahevi wenzake wa enzi hii, hatua ni zile zile.

Unahitaji daftari, penseli (biro itakusumbua, utafuta sana), BoxRec (tovuti ya rekodi za mabondia) kwa simu, na bando ya kutosha ya kutazama mapigano mazima YouTube. Hazisaidii, zile klipu za sekunde 40 zenye muziki. Hizo huonyesha ngumi iliyoingia tu, na ndondi nyingi ni ngumi ambazo hazikuingia.

Hatua ya kwanza: chagua swali moja na ukae nalo

Kuna maswali matatu ambayo watu huchanganya. La kwanza, nani alifanya makubwa zaidi katika kazi yake yote. La pili, nani alikuwa mkali zaidi akiwa kwa kilele chake, hata kama kilele kilidumu miaka miwili. La tatu, wakiingia ulingoni leo nani anamshinda nani.

Tyson ndiye mfano mzuri hapa. Kwa swali la pili yuko juu sana: alikuwa bingwa Novemba 1986 akiwa na miaka 20, na Juni 1988 akamaliza Michael Spinks kwa sekunde 91, Spinks ambaye alikuwa hajawahi kupigwa na mtu. Kwa swali la kwanza anashuka, tutaona mbona. Kwa swali la tatu hakuna mtu anajua, mimi sijui, wewe hujui, na yule jamaa wa kinyozi pia hajui ingawa anapiga meza.

Shika swali la kwanza. La pili unaweza kulitumia kuvunja sare. La tatu liweke kando kabisa, ni tamu lakini halina ushahidi, na litakuangusha kwa sababu ya miili. Marciano alipigana akiwa na kama kilo 84. Siku hizi chini ya kilo 90.7 wewe si hevi hata, wewe ni kruza, na kabla kruza ianze mwisho wa miaka ya sabini kila mtu aliyepita kilo 79.4 alikuwa hevi. Fury alipanda kwa mizani Desemba 2024 akiwa na kilo 127 na nusu, na nguo zake. Ukianza kumuuliza Marciano afanye nini na mtu kama huyo unamuonea tu, yeye aliwapiga waliokuwepo.

Hatua ya pili: andika alimpiga nani, na huyo mtu alikuwa hali gani siku hiyo

Hapa ndio utakaa sana, na ukifanya hii vizuri nusu ya kazi imeisha.

Chora laini tatu kwa daftari. Upande wa kwanza jina la mpinzani. Wa pili umri wake siku hiyo, rekodi yake, na kama alikuwa bingwa. Wa tatu, alikuwa amefanya nini kwa miaka miwili kabla ya hiyo faiti. Huo wa tatu ndio watu huruka, na ndio unaumbua majina makubwa. Rocky Marciano alimpiga Joe Louis, sawa, lakini ilikuwa 1951 na Louis alikuwa na miaka 37, amerudi ulingoni kwa sababu ya deni la kodi. Larry Holmes alimpiga Ali, 1980, Ali ana miaka 38 na hajapigana miaka miwili, na Holmes mwenyewe hakuifurahia. Lennox Lewis alimpiga Tyson 2002, Tyson wa jina tu. Ukiona jina kubwa kwa rekodi ya mtu usishangilie kabla hujaangalia tarehe.

Kinyume chake pia kipo. Foreman wa Kinshasa, Oktoba 30, 1974, alikuwa na miaka 25, mapigano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hizo mtu alilala. Alikuwa amemwangusha Frazier mara sita kwa raundi mbili pale Kingston mwaka uliotangulia, na Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, akammaliza pia kwa raundi mbili. Ali akamlaza raundi ya nane. Huo ushindi hauna doa, ukitafuta kisingizio cha Foreman hukipati. (Ilipigwa saa kumi alfajiri kule ndio Wamarekani watazame kwa wakati wao, kwa hivyo hapa Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaenda kazi.)

Peana alama. Mimi hutumia 3 hadi 0: 3 ni mtu mkali sana akiwa kwa wakati wake, 2 ni mzuri ama mkali aliyeanza kushuka, 1 ni wa kawaida, 0 ni jina tu. Usiende kwa alama kumi ama mia, utaanza kubishana na nafsi yako kuhusu 71 na 73.

Sasa Usyk. Kama hevi, hadi hiyo Wembley, ana mapigano manane tu. Witherspoon 2019, hiyo ni 0, usijisumbue. Chisora 2020, 1. Joshua Septemba 2021, uwanja wa Tottenham: Joshua ana miaka 31, ana mikanda mitatu, amepoteza mara moja na akajirekebisha, na Usyk anamshinda kwa pointi nyumbani kwake mbele ya watu wake. Naweka 3. Wengine watasema 2 ju Andy Ruiz, yule aliyempiga hiyo mara moja, alikuwa ameshawaonyesha watu mlango, na sitapigana na wewe sana. Marudiano Jeddah 2022, 2, ju ushindi wa pili juu ya mtu yule yule hauwezi kuwa mpya kama wa kwanza. Dubois Wrocław 2023, wakati huo naweka 1, na kuna ile ngumi ya raundi ya tano ambayo refa alisema iko chini ya mkanda na watu wanabishana mpaka wa leo.

Halafu Fury. Mei 2024 Riyadh, Fury ana miaka 35, hajawahi kupigwa, sare moja tu na Wilder, bingwa wa WBC (moja ya mashirika manne yanayotoa mikanda). Lakini upande wa tatu wa daftari unasema nini? Miezi saba kabla aliangushwa na Francis Ngannou, mtu ambaye hiyo ilikuwa faiti yake ya kwanza ya ndondi. Kwa hivyo ni 3 ama ni 2? Mimi naweka 3 kwa sababu Fury wa Mei alikuja ameiva, raundi za kati alikuwa anamchezea Usyk, yaani hakuwa mzee aliyechoka. Marudiano Desemba, 2. Na Dubois Wembley 2025, hapo ni mtu tofauti na yule wa Wrocław: miaka 27, ametoka kumwangusha Joshua mara kadhaa na kummaliza raundi ya tano, ana mkanda wa IBF. Usyk akiwa na miaka 38 akamlaza raundi ya tano. Hiyo naipa 3 kali.

Kitu kimoja: mpinzani akifanya vizuri baadaye, usirudi nyuma ukapandisha alama sana. Dubois wa 2023 alikuwa Dubois wa 2023. Pandisha kidogo tu kama mafanikio yamekuja ndani ya mwaka mmoja hivi, ju hiyo inaonyesha uwezo ulikuwa tayari.

Hatua ya tatu: soma hasara zake

Zero ya hasara ni nzuri lakini ndio inadanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Marciano alistaafu 49 kwa zero. Holmes alifika 48 kwa zero kabla Spinks amzuie 1985. Hiyo namba peke yake haikuambii wapinzani walikuwa nani, na hiyo ushaifanya juu.

Kwa mwenye hasara uliza mambo mawili: alipigwa lini, na alirudi kulipa? Lewis alipigwa nokauti na McCall 1994 na Rahman 2001, zote za aibu, na zote alirudi akazilipa, kwa hivyo alipostaafu hapakuwa na mtu ulimwenguni anayeweza kusema nilimpiga Lewis na hakunirudia. Louis alilazwa na Schmeling 1936, 1938 akammaliza raundi ya kwanza. Wladimir Klitschko alimrudia Brewster lakini Sanders hakumrudia (kaka yake Vitali ndiye alifanya hiyo kazi), na Fury hakumpata tena. Tyson ndio hapo anapoumia: Douglas, Holyfield mara mbili, Lewis, hakuna hata mmoja aliyemlipa.

Hasara za uzeeni zipunguze. Ali kupigwa na Berbick 1981 hakunipi habari yoyote kuhusu Ali. Usyk hana hasara, kwa hivyo hatua hii kwake inapita haraka, ila ujue mapigano yake ni machache hivyo nafasi za kupoteza pia zilikuwa chache.

Hatua ya nne: utawala, bila kuhesabu mikanda kama njugu

Louis alikuwa bingwa 1937 hadi 1949 na akatetea mara 25. Holmes mara 20. Wladimir mara 18 kwa utawala wake wa pili. Wilder naye alitetea mara kumi, sasa utaniambia Wilder ni nusu ya Holmes? Hapana. Kuna kipindi bingwa alikuwa mmoja, sasa kuna WBA, WBC, IBF na WBO, na kila moja ina mkanda wake, kwa hivyo mtu anaweza kutetea mkanda mmoja miaka mitano bila kukutana na bingwa mwenzake.

Uliza hivi: kati ya wapinzani aliowapiga akitetea taji, ni wangapi walikuwa ndani ya watano bora ulimwenguni wakati huo? Chukua kazi za Louis: 1941 peke yake alitetea mara saba, Januari hadi Septemba, na wengi walikuwa watu wa kawaida sana, lakini ndani yake kuna Billy Conn ambaye alikuwa anaongoza mpaka raundi ya 13 akalazwa. Leo bingwa anapigana mara mbili kwa mwaka na tunasema ana bidii. Ukilinganisha idadi ya mapigano ya Louis na ya Usyk utampa Louis ushindi wa kalenda tu, kwa hivyo linganisha idadi ya 3 na 2 ulizoandika.

Ila kukusanya mikanda yote kuna uzito wake. Lewis alifanya hivyo Novemba 1999 na baada yake hakuna aliyeweza kwa karibu miaka 25 mpaka Usyk. Kwa nini muda huo wote? Televisheni tofauti, mapromota hawaongei, na kwa miaka mingi mikanda ilikaa kwa ndugu wawili Klitschko ambao walimwahidi mama yao hawatapigana. Usyk aliishika yote minne, wiki chache IBF ikaenda, halafu akairudisha kwa kumpiga Dubois. Mara mbili bingwa wa wote kwa hevi. Hapo ana pointi ya kweli.

Hatua ya tano: enzi

Andika watano bora wa miaka yake, halafu angalia walipigana wenyewe kwa wenyewe mara ngapi. Miaka ya sabini inakuwa rahisi: Ali, Frazier, Foreman, Norton, baadaye Holmes, karibu kila mtu alikutana na kila mtu. Enzi ya Usyk ukiandika Fury, Joshua, Wilder, Dubois, Parker, utaona amewapiga watatu, mara mbili kila mmoja, na Wilder wa nguvu zake alichukuliwa na Fury. Si mbaya. Si ya sabini pia.

Kwa wa zamani sana kuna doa la rangi ambalo lazima uliweke. Jack Dempsey alikuwa bingwa 1919 hadi 1926 na Harry Wills, Mweusi aliyestahili, hakupewa nafasi. Jack Johnson mwenyewe, bingwa wa kwanza Mweusi toka 1908, akishapata taji hakuwapa Weusi wenzake wakali nafasi inavyofaa. Kwangu hilo linamshusha Dempsey nje ya kumi bora, na Johnson anabaki kwa mlango.

Na medali za Olimpiki ziache nje. Usyk na Joshua wote walishinda dhahabu London 2012, poa, lakini hiyo ni ndondi ya ridhaa. Sisi hapa tuna Robert Wangila, dhahabu Seoul 1988, Mwafrika Mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya ndondi, heshima haiishi, na kwa kulipwa hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Ni vitabu viwili. Vile vile ukruza wa Usyk, alikuwa na mikanda yote 2018, kama unapanga mahevi hauhesabiki, ukiwa unapanga mabondia wa uzani wote ndio unaingia na hapo anaruka juu sana.

Hatua ya sita: tazama mwenyewe, sauti ikiwa chini

Chagua mapigano matatu ya mtu wako, yale magumu, na upige alama raundi kwa raundi kabla hujaona za majaji. Zima sauti kabisa, mtangazaji akipenda mtu utajikuta umempa raundi. Riyadh saa zake ni sawa na zetu kwa hivyo wengi wetu tulitazama Fury na Usyk saa nane za usiku macho yakiwa mekundu, hiyo haihesabiki kama kutazama, rudia mchana.

Angalia raundi ya tisa ya ile faiti ya Mei. Usyk anamvuruga Fury kutoka kona moja hadi nyingine, kamba zinamshika, refa anahesabu. Majaji walitoa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Sasa fanya hesabu: bila lile kuhesabiwa, ukiifanya raundi hiyo 10-9 ya kawaida badala ya 10-8 ya mtu aliyehesabiwa, kadi moja inabaki ya Usyk, moja ya Fury, na moja inakuwa 114 kwa 114. Yaani sare. Kadi za Riyadh zilikuwa karibu hivyo, na ndio maana marudiano ya Desemba, 116-112 kwa majaji wote watatu, yana maana kubwa kuliko ile 2 niliyoyapa. Ukitaka kuandika 2 na nusu, andika, hakuna polisi.

Filamu za akina Johnson zinaenda kasi na kuruka ruka, punguza spidi na usimcheke mtu kwa sababu ya kamera.

Hatua ya saba: mpange kwa kushindanisha wawili wawili

Usijumlishe alama zako zote upate jumla, mtu aliyepigana sana atashinda kila mara. Chukua mtu wako umweke kando ya mmoja, jibu nani ana kazi bora, panda ama shuka ngazi moja.

Nilianza Usyk na Wladimir. Wladimir ana miaka mingi kwa kiti, lakini 3 zake ni ngapi? Povetkin, Haye labda. Usyk anapita. Na Jack Johnson, Usyk kwa sababu niliyotoa. Na Frazier sasa hapo nikakwama. Frazier alipigwa na watu wawili tu, Foreman na Ali, mara mbili kila mmoja, na Machi 8, 1971 alimshinda Ali aliyekuwa hajapigwa, ushindi ambao mimi sioni mwingine wa kuupita kwa hevi. Usyk hana usiku kama huo. Frazier anabaki juu, kidogo tu. Holyfield pia, ambaye alitoka kruza kama Usyk, alipigwa mara nyingi lakini alimpiga Bowe, Tyson, Foreman, Moorer, listi ndefu.

Kwa hivyo listi yangu inasoma Ali, Louis, Lewis, Holmes, Foreman, Marciano, Holyfield, Frazier, Usyk wa tisa, Johnson wa kumi. Ya pembeni tu: Ali na Usyk wamezaliwa siku moja, Januari 17, Frazier tarehe 12, Foreman tarehe 10, yaani Njaanuari imetoa mahevi.

Zoezi hili lifanye mara moja kwa mwaka, na kamwe si usiku wa faiti. Na ukirudi kinyozi na jamaa wa Tyson akaanza, usibishane kuhusu nguvu za ngumi, hiyo utashindwa. Mwambie akutajie ushindi tatu bora za Tyson. Atasema Spinks, mpe. Atasema Holmes, muulize Holmes alikuwa na miaka mingapi (38) na alipigana mara ya mwisho lini kabla ya hiyo (Aprili 1986, karibu miaka miwili). Atasema Tony Tucker, sawa, huyo alikuwa bingwa na hajapigwa. Halafu mwambie akutajie mtu mmoja aliyempiga Tyson, Tyson akamrudia akashinda.